Mwaka Tuliopanga Kuifuata Safu Tisa

Somoe alipoingia sebuleni kwangu mwezi uliopita hakukaa kwanza. Alisimama katikati ya zulia, mkoba bado begani, akazungusha macho kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akaangalia dari, akaangalia friji la milango miwili, akashika pazia nililokuja nalo kutoka Muscat, mwisho akasimama mbele ya stashahada yangu. Nimeitundika mkabala na mlango, ndani ya fremu ya kioo, ili mgeni asipate kazi ya kuuliza. Stashahada ya Upishi na Uendeshaji wa Hoteli, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, na mhuri mwekundu chini yake. Somoe, ambaye nilikuwa sijamtia machoni tangu avuke Ruvuma kwenda kuolewa, miaka thelathini na kitu, aliisoma yote polepole, kidole kikifuata maneno bila kugusa kioo. Kisha akageuka akaniuliza, "Na kile kitenge cha miavuli, umekitundika wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisemi ya nyumba kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki, maana hakuna aliyenishika mkono. Nimepika Masasi, nimepika Dar es Salaam, nimepika Unguja kwenye hoteli ambayo mgeni mmoja anapangiwa uma tatu, nimepika Muscat miaka tisa. Nilirudi nyumbani Mtwara wakati bomba la gesi linajengwa. Gesi ya Madimba ilikuwa inajiandaa kwenda Dar, mimi nikapitia Dar kuja kuwapikia wanaoisafirisha, na mpaka leo wapo mafundi wanaonipigia simu siku ya Idi kuniulizia pilau. Nyumba hii ya Ufukoni, vyumba vinne na jiko la kupikia watu mia tatu, nimeijenga kwa mwiko. Yote hayo Somoe aliyaona, na aliyasifu baadaye kwa moyo mweupe. Lakini alipouliza habari ya kitenge nilijua anaulizia mwaka mmoja tu, mwaka ambao nimeusimulia mara nyingi sana, kwa watu wengi sana, na sijawahi kuusimulia sawasawa.

Ya wazazi wangu na ya utoto wangu hayana kazi hapa. Mwaka ule tulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi na Somoe, na tulikuwa wabanguaji katika kiwanda cha korosho. Tulikaa pamoja Chikongola, hapa hapa mjini, kwenye chumba cha uani cha mama mdogo wa Somoe, Bi Hadija. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, sanduku la bati lililokuwa kabati na meza kwa pamoja, na dirisha la wavu lililotazama jiko la jirani, kiasi kwamba tulijua kila siku wamekula nini. Sisi wenyewe tulinuka korosho. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na hata ukipaka majivu kabla ya kazi, jioni vidole vinakuwa vyeusi kama umeshika wino. Tulikula uji asubuhi, mchana mihogo, na msimu wa ming'oko ukifika, vile viazi vya porini vyembamba kama vidole, tulivichemsha vya kujaza sufuria tukakaa kitandani tukichovya kwenye chumvi na pilipili mpaka midomo iwake. Nimekula mezani kwa mabalozi tangu siku zile. Sijawahi kula nikiwa na raha ya namna ile, na ninaandika hivi nikiwa mtu ninayejua chakula ni nini.

Nyumba ya Bi Hadija haikuwa na dari, na kuta ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kwa hiyo kila neno lilipita juu. Redio yake ilikuwa yetu pia, na ndiyo iliyotutia ugonjwa wa Safu Tisa. Hiyo ilikuwa bendi ya dansi ya Dar es Salaam, wanamuziki tisa, na mwimbaji wao aliitwa Saidi Mtondoo. Wimbo uliotumaliza uliitwa "Mvushaji". Unamhusu mwanamke aliyepanda mtumbwi kwenye Ruvuma, anambembeleza mvushaji avute kasia taratibu, kwa sababu ng'ambo anakokwenda anapataka na huku anakotoka anapapenda. Redioni wimbo ule ulikuwa mfupi. Ukumbini ulikuwa mrefu, kwa sababu katikati magita yalishushwa, ngoma ikabaki peke yake, na Saidi akaanza kutaja majina ya mashabiki waliokuja. Kila bendi ilifanya hivyo, lakini Saidi aliyachomeka majina ndani ya wimbo kana kwamba watu hao ndio abiria wa mtumbwi. Tulimwona mara moja mjini, mwaka uliotangulia. Alimtaja mwalimu mmoja wa Shangani na mama mmoja muuza samaki wa Mikindani, na yule mama alilia mbele za watu. Tulipofika mlangoni kwetu, Somoe akasema, "Mimi nataka anitaje. Mara moja tu. Kwenye 'Mvushaji', si wimbo mwingine."

Nilidhani ni maneno ya furaha ya siku ile. Lakini alasiri moja tulikuwa chumbani tunachambua mchele, tukasikia juu ya ukuta Bi Hadija akizungumza na mgeni, mama mmoja aliyekuja na salamu kutoka upande wa pili wa mto.

"Wamekubali," alisema mgeni. "Mwezi wa kwanza, mwanzoni. Mvua zikikolea mto haupitiki."

"Wale wa Kionga?"

"Haohao wa Kionga. Kijana ana shamba lake na ana duka. Hata baiskeli anayo."

"Baiskeli sawa. Anasali?"

"Anasali, na nyumba ameshaezeka."

"Basi alhamdulillahi."

"Na mtoto mwenyewe anajua?"

"Si yupo hapo nyuma ya ukuta? Somoe! Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alijibu Somoe, mkono wake bado ndani ya ungo.

"Unasemaje?"

"Baiskeli yenyewe ina kengele?"

Wakacheka wote watatu, na mimi wa nne. Hakulazimishwa. Alimjua yule kijana, kwao wenyewe wana asili ya Msumbiji na shangazi zake nusu wako ng'ambo. Lakini aliponiangalia niliona jambo la kutajwa halikuwa tena maneno ya furaha. Aliniambia kwa sauti ya chini, ili isipite juu ya ukuta, "Zuhura, nikishavuka, nani huku atajua kama nilikuwapo?"

Basi mwezi wa kumi na moja, korosho zimeiva na watu wana nguvu ya kucheza, gari la matangazo likapita na vipaza sauti: Safu Tisa inazunguka kusini. Mjini hawakupiga mwaka ule, ukumbi ulikuwa umebomolewa paa. Walikuwa wanaanzia Nanyamba Jumamosi, Jumapili Tandahimba, Jumatano Newala, Jumamosi ya pili Masasi. Pale pale nikasema tutawafuata miji yote minne. Kila mtu alijua jina halitajwi kwa bahati. Mwimbaji anataja sura aliyoizoea, watu waliokaa mbele, waliovaa sare, aliowaona jana na juzi. Nilichukua kalenda ya zamani nikachora nyuma yake njia yote kwa mkaa, mji hadi mji, wapi tutalala, nani tunamjua, siku gani tutakula nini. Nyapara wa kiwandani nilimwomba ruhusa ya wote wawili, na alipoanza kuguna nikamwambia tukirudi kila mmoja atabangua kwa mikono minne. Chakula cha njiani kilikuwa mfuko wa vipande vya korosho, zile zilizopasuka ambazo wabanguaji tulikuwa tunagawiwa. Somoe alikaa kitandani akinitazama nikichora. "Wewe," alisema, "ungezaliwa mwanamume ungekuwa mkuu wa wilaya." Nilipokea sifa hiyo kama haki yangu.

Lilibaki jambo la sare, na hilo nalo nilisema niachiwe mimi. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kwetu mtu hanunui kitenge cha sare kama anavyonunua sukari. Kwanza anauliza: gora hili nani mwingine amechukua? Kama kuna harusi, unyago au arobaini ya mtu, wahusika wanakuwa wameshachagua kitambaa chao, na kukivaa ni kujitangaza kuwa mmoja wao. Hata mtoto anajua. Mimi niliingia dukani sokoni nikaona kitenge cha njano chenye miavuli myekundu, mwenye duka akasema vimebaki viwili tu, gora zima limeondoka. Nikafikiri, kama gora zima limeondoka, basi ni kizuri. Nikanunua. Kwa miaka yote nilipoisimulia hadithi hii, huko Unguja na Muscat na hapa mezani kwangu, nilisema aliyechagua kitenge ni Somoe.

Tulipanda lori la magunia matupu lililokuwa linakwenda kuchukua korosho Nanyamba. Tulilala chali juu ya magunia kama watu wenye godoro la sponji, mikorosho ikipita pande zote mbili, harufu ya mabibo yaliyoanguka imejaa hewani. Dereva alituuliza kama sisi ni watu wa shughulini. Tukamwambia ndiyo, tukidhani anasema dansi. Tulishuka saa nne asubuhi, tukanawa uso kwenye bomba, tukavaa sare zetu nyuma ya duka moja lililofungwa, tukaingia barabarani tukijiona. Na kweli watu walituona. Wanawake walitupungia. Mzee mmoja alituonyesha njia kwa fimbo bila kuulizwa. "Umeona?" nilimwambia Somoe. "Nanyamba nzima inajua tumekuja kwa ajili ya bendi." Tukafuata fimbo ya mzee, tukaingia kwenye ua mkubwa wenye watu wengi, na pale tukasimama. Ua mzima ulikuwa miavuli. Miavuli kwenye magauni, miavuli kichwani, mwavuli umefungia mtoto mgongoni. Kulikuwa na mwali anatolewa unyagoni siku ile, na hiyo ndiyo ilikuwa sare ya ndugu wa upande wa baba yake.

"Ndiyo mnafika sasa hivi?" Mwanamke mnene aliinuka kutoka kwenye mafiga, mkono mmoja kiunoni. Aliitwa Mama Namkuna, naye ndiye alikuwa mkuu wa jiko. "Upande wa baba, bwana! Mnakuja kula au kupika?"

"Mama, shikamoo," nilisema. "Sisi tumekuja dansini."

"Marahaba. Dansi saa kumi. Vitunguu sasa hivi."

"Mama, sisi kwa kweli si…"

"Na sare ya mwali wangu mmevaa ya nini? Mmeiokota?"

Wanawake waliokaa kwenye mikeka walicheka. Ningeweza kueleza. Lakini kueleza kulikuwa kusema mbele ya watu wote kwamba nimenunua sare bila kuuliza, na hilo mdomo wangu haukukubali. Somoe alinitazama, akatazama miavuli yake, akakunja mikono ya gauni. "Kisu kiko wapi, mama?" aliuliza. Na mtu akishavaa sare hakatai jiko. Tukakaa tukamenya.

Nimefanya kazi kwenye majiko mengi na ninaweza kusema lile la Nanyamba liliendeshwa vizuri kuliko mengi yenye vigae. Sufuria tano kubwa juu ya mafiga, nne kila moja na mwenyewe. Mmoja wali, mmoja nyama, wawili maharage, na kisamvu kilikuwa hakina mtu. Wakati wanawake wanatwanga majani ya muhogo, walikuwa wanamsema bwana mmoja aliyeahidi kuleta nazi kutoka pwani tangu juzi.

"Nazi zake zinakuja kwa miguu."

"Hata kwa miguu zingefika. Zinakuja kwa magoti."

"Basi kisamvu tutakipika na nini, machozi?"

Somoe aliinuka. Alikwenda kwenye kifurushi chetu akatoa mfuko wa vipande vya korosho, chakula chetu cha njiani, chote, akamimina kwenye kinu. Sikuamini. "Somoe, tutakula nini Newala?" Akasema tutakula Newala. Alizitwanga mpaka zikalainika, akazikoroga na maji ya uvuguvugu zikatoa tui zito jeupe, akaliingiza kwenye kisamvu kidogo kidogo, akatia dagaa wakavu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Bibi yake wa ng'ambo ndiye aliyemfundisha. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika mwiko na kukoroga aliponiambia koroga. Mama Namkuna alionja kwenye kiganja, akafumba macho, akaonja tena. Kisha alihamisha kile kisamvu kutoka upande wa majirani akakiweka upande wa wageni wa heshima.

Wageni wenyewe walikuwa Safu Tisa. Mjomba wa mwali ndiye aliyewaazima jenereta, kwa kuwa Nanyamba haikuwa na umeme siku zile, naye akawakaribisha chakula cha mchana. Tuliwaona wakiingia, wanaume tisa wamechoka na vumbi, na Somoe akanishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kucha ziliacha alama. "Nimejaa mafuta," alisema. "Siwezi kuonekana hivi." Akachukua ndoo akaenda kuoga nyuma ya ua, apake poda, awe safi saa kumi ikifika. Mimi nikabaki na mwiko. Na Saidi Mtondoo mwenyewe, mwembamba kuliko sauti yake, akaja mpaka jikoni, sahani tupu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alisema Mama Namkuna. "Umekuja kutuimbia au kutumalizia chakula?"

"Vyote viwili, mama. Nani kapika kisamvu hiki? Nimezunguka nchi nzima, hiki sijakila."

Mama Namkuna alinyoosha kidevu kwangu. "Hawa watoto wa mjini. Muulize huyo mwenye mwiko."

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi, kaka."

"Unaitwa nani?"

"Zuhura. Wa Mtwara mjini."

Akarudia jina mara mbili kama mtu anayelijaribu mdomoni, akaongezewa kisamvu, akaenda zake. Kulikuwa na nusu nyingine ya jibu langu, nusu yenye jina la Somoe, na ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilingoja aulize tena. Hakuuliza.

Saa kumi tulikuwa mbele kabisa ya uwanja wa mpira, jukwaa likiwa ni lori lililoshushwa mbao za pembeni. Jua lilikuwa bado kali na wanaume walicheza na kofia. Somoe alikuwa amependeza. Poda shingoni, kitambaa kimefungwa vizuri, miavuli yake imenyooka. "Mvushaji" ulianza, na magita yaliposhushwa, ngoma ikabaki peke yake, nilihisi mwili wake wote umesimama. Saidi alimtaja mjomba mwenye jenereta. Alimtaja mwali na mama yake. Kisha akaangalia chini, akaniona, akatabasamu, akaimba kwamba mvushaji asiondoke kwanza, yupo Zuhura, Zuhura wa Mtwara mjini, mpishi wa kisamvu, naye apewe nafasi kwenye mtumbwi. Watu waligeuka kunitazama. Nimepewa vyeti tangu siku ile, nimepigiwa makofi na watu waliovaa suti, na ninasema kwa uaminifu kuwa hakuna kilichofikia ile sekunde. Na katika sekunde hiyo hiyo nilisikia kigelegele sikioni mwangu, kirefu, kikali, kikipita juu ya ngoma. Ni Somoe. Hakuna aliyenishangilia uwanja mzima kuliko yeye.

"Umetajwa!" alinikumbatia wimbo ulipoisha. "Alilijuaje jina lako?"

"Alikuja jikoni. Aliuliza tu wapishi ni akina nani."

"Aa," alisema. Akaondoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa gauni lake, akauzungusha kidoleni. "Aa, sawa."

Asubuhi yake alisema turudi nyumbani. Nilimkumbusha Tandahimba, Newala, Masasi, nikamtolea kalenda yangu yenye mkaa. Alisema amechoka, na korosho zetu zimeisha. Ni kweli zilikuwa zimeisha. Tukapanda lori lile lile, safari hii limejaa, tukakaa wima juu ya korosho za watu. Mwezi wa kwanza nilimsindikiza mpaka kivuko cha Kilambo, akavuka. Mwezi wa pili Mama Namkuna alimtuma mtu Chikongola kumtafuta "yule binti wa kisamvu". Dada yake alikuwa na nyumba ya wageni Masasi na alitaka mpishi. Nikaenda. Miezi ya kwanza nilitwanga korosho kila siku nikijaribu kukumbuka mkono wa Somoe ulivyokwenda, na nilikaribia vya kutosha. Kutoka Masasi nikaenda chuoni Dar, na kwenye mtihani wa vitendo nilipika kisamvu hicho hicho. Mkufunzi alikula sahani nzima mbele ya darasa.

Kwa hiyo mwezi uliopita, baada ya kumaliza kukagua sebule, Somoe alikaa jikoni kwangu na nikampakulia. Nilikuwa nimekipika tangu asubuhi kwa ajili yake. Alionja, akatafuna taratibu, akaweka kijiko.

"Umetia maziwa?"

"Ya krimu kidogo. Wageni wa hoteli wanapenda."

"Na korosho umezikaanga kwanza."

"Nimezikaanga."

"Mbichi, Zuhura," alisema. "Mbichi. Thelathini na kitu, shoga yangu, na stashahada juu!"

Tulicheka, kisha nikaacha kucheka nikamwambia. Nilimwambia ya kitenge, kwamba huko duniani nimemsingizia yeye, na nikamwambia Saidi aliuliza nini hasa jikoni na mimi nilijibu nini. Sauti yangu, ambayo imewaamuru wapishi arobaini kwa wakati mmoja, ilitoka nyembamba. Yeye aliendelea kula, maziwa na yote.

"Nilijua," alisema. "Aliposema mpishi wa kisamvu nilijua palepale. Angesema Zuhura tu nisingejua."

"Na ukapiga kigelegele?"

"Nifanyeje? Nikushushe kwenye mtumbwi mbele ya watu? Mimi nilikuwa naondoka, mwaya. Wewe ndiye uliyekuwa unabaki. Ukapata kazi, ukasoma, umejenga. Ningebaki nalo mimi hilo jina, Kionga lingenifanyia nini?" Alifuta sahani kwa kidole, akakilamba. "Niliishi vizuri. Na baiskeli ilikuwa na kengele." Akatazama nje dirishani kidogo. "Ila nilitaka kulisikia."

Sasa, mtu aliyepanga safari ya miji minne kwa kipande cha mkaa hashindwi na jambo dogo. Safu Tisa bado ipo. Wamebaki wawili wa zamani, wengine ni vijana, na Saidi Mtondoo siku hizi anaimba amekaa kwenye kiti, nyimbo mbili au tatu, "Mvushaji" ukiwa wa mwisho. Wanakuja kusini msimu huu wa korosho, na wakipita Mtwara watakula kwangu, kwa sababu nani mwingine wa kuwapikia? Nimemwambia Somoe aongeze wiki mbili. Gari ni langu, dereva ni wangu, na njia nimeichora upya kwenye karatasi nyeupe: Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, na safari hii tutamaliza zote. Vipande vya korosho nimeweka mifuko miwili, mbichi.

Juzi nilikwenda sokoni kwa ajili ya sare. Nilimpata kijana dukani, nikashika kitenge cha kijani chenye maua meupe. "Gora hili nani mwingine amechukua?" nilimuuliza.

"Hamna, mama."

"Hakuna harusi?"

"Hamna."

"Unyago? Arobaini? Kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa?"

"Mama," alisema, "unanunua kitenge au unachukua maelezo ya polisi?"

Nikanunua gora zima. Leo mchana fundi ameleta magauni, na ninapoandika haya Somoe yuko chumba cha pili anajaribu la kwake mbele ya kioo, anaimba yale maneno ya mtumbwi bila kujua anaimba kwa sauti. Dari yangu ni nzuri lakini mlango ameuacha wazi. Simu iko kwenye goti langu. Nimemwandikia kiongozi wa bendi kwamba Jumamosi huko Nanyamba, magita yakishushwa, mzee Saidi ataje jina moja tu, na nimemwandikia jina hilo kwa ukamilifu: Somoe wa Kionga, aliyekipika kile kisamvu.

"Zuhura!" ameita sasa hivi. "Unamwandikia nani muda wote huo?"

Nimemwambia bendi wanataka kujua watakula watu wangapi. Ni uongo wangu wa pili kwa Somoe katika jambo hili hili, na huu nitaubeba kwa raha mpaka Jumamosi.